Siku Utakayotaka Kuuza

MFANYABIASHARA: Nina milioni 10. Nimezikusanya kwa kuuza vitenge Kariakoo kwa miaka mitatu, si fedha ya kuokota. Kila nikimuuliza mtu wa soko la hisa nifanye nini, ananionyesha mchoro unaopanda kama ngazi. Leo nataka jibu la maneno. Ninunue hisa, au niongeze kiwanja?

DALALI WA HISA: Nunua hisa, mama. Gawio la NMB kwa mwaka 2024 lilikuwa shilingi 428.85 kwa hisa moja. La CRDB lilikuwa shilingi 65. Fedha yako ikilala kwenye akaunti ya kawaida, benki inawakopesha wengine, inatoza riba, na mwisho wa mwaka faida inakwenda kwa wenye hisa. Wewe unabaki na makato ya mwezi. Kwa nini uwe mteja tu wakati unaweza kuwa mmoja wa wenye benki?

MFANYABIASHARA: Maneno hayo nilishaambiwa, na niliyaamini. Nilinunua hisa za kampuni ambayo sitaitaja hapa, kupitia dalali ambaye naye sitamtaja. Miaka mitano sikuzigusa. Mwaka wa sita mama yangu akalazwa, ikatakiwa operesheni. Nikaenda kujaza fomu ya kuuza. Ubaoni bei ilikuwa nzuri, imepanda kidogo hata. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili naambiwa upande wa kununua hakuna mtu. Wiki ya sita naambiwa nishushe bei. Nikashusha, zikauzwa hisa mia na kitu, nyingine zikabaki. Operesheni niliilipa kwa mkopo wa kikoba, riba asilimia 10 kwa mwezi. Sasa nijibu, kijana wangu. Ile bei iliyokuwa imeandikwa ubaoni wiki zote sita, ilikuwa bei ya nani?

MHASIBU: Naomba nijibu mimi. Ilikuwa bei ya mtu wa mwisho aliyenunua. Huenda alinunua hisa 10 tu, huenda alinunua mwezi uliotangulia. Asipotokea mwingine, namba inabaki palepale, na kila anayeitazama anadhani ndiyo thamani ya mali yake. Soko letu la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, inayotengeneza gesi. Hadi leo orodha ya kampuni haijazi ukurasa wa daftari, na zile ambazo una hakika ya kupata mnunuzi wiki yoyote unazihesabu kwa vidole. Hilo mnunuzi mpya haambiwi. Anaambiwa bei.

DALALI WA HISA: Wateja wangu wanaambiwa. Na soko la leo silo lile alilokutana nalo mama. Leo mtu ananunua na kuuza kwa simu, kwa Hisa Kiganjani, bila kupanda daladala kuja mjini. Hisa za benki kubwa zinauzwa kila siku ya kazi.

MWALIMU MSTAAFU: Mimi sikuwahi kuwa na simu ya namna hiyo, na nimenufaika. Mwaka 2008 serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za NMB kwa wananchi, nilinunua hisa 1,000 kwa shilingi 600 kila moja. Laki sita. Mke wangu alininunia wiki nzima, maana tulikuwa tumezitenga kwa ajili ya mabati. Gawio la mwaka 2024 peke yake, baada ya kukatwa kodi ya asilimia 5, ni shilingi 407,407. Mwaka mmoja tu, umerudisha theluthi mbili ya nilicholipa. Na hisa zenyewe bado ninazo.

MFANYABIASHARA: Hongera, Mwalimu, nasema kwa moyo mmoja. Lakini kwa nini hukuziuza miaka yote hiyo?

MWALIMU MSTAAFU: Nitasema kweli. Sikujua zinauzwaje. Karatasi niliiweka kwenye sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, nikaendelea kufundisha.

MHASIBU: Huo ndio ushuhuda ninaoupenda kuliko michoro yote. Mwalimu hakuchagua kusubiri. Alisubiri kwa sababu mshahara ulikuwa unaingia kila mwezi, na hapakutokea siku ya kumlazimisha kufungua lile sanduku. Kuna miaka kabla ya 2022 ambapo bei ya hisa zake ilikwama kwenye shilingi 2,340 hivi, miezi na miezi, haiendi mbele wala nyuma. Angekuwa na mgonjwa kipindi hicho, leo tungekuwa na masimulizi mawili yanayofanana.

MWALIMU MSTAAFU: Unaninyang'anya ushindi wangu, binti yangu.

MHASIBU: Hapana, Mwalimu, ushindi ni wako. Ninachokataa ni watu kuuchukua kama kanuni. Tuitazame CRDB. Iliuza hisa kwa wananchi mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, bei ilikuwa imeshuka chini ya 100, na gawio la mwaka 2018 lilikuwa shilingi 8 tu. Aliyelazimika kuuza mwaka ule alipoteza theluthi ya fedha yake, ukiacha yale magawio madogo aliyopokea njiani. Aliyeweza kungoja aliiona ikivuka 600 mwaka 2024. Benki ni ileile na soko ni lilelile. Walichotofautiana ni siku waliyohitaji fedha.

DALALI WA HISA: Basi umenisaidia hoja. Subira inalipa.

MHASIBU: Subira inalipa, ndiyo. Nani ana uwezo wa kuinunua? Mwenye hisa asiye na akiba nyingine pembeni hana subira, hata awe na moyo wa chuma. Ada ya shule ikifika, anauza. Kwa hiyo kabla hujamuuliza mtu kama ana milioni 10, muulize ana nini kingine zaidi ya hizo milioni 10. Ni mara ngapi fomu zenu zinauliza hivyo?

DALALI WA HISA: Fomu zinauliza chanzo cha mapato. Lakini nakubali, tunauliza ili kujaza fomu.

MFANYABIASHARA: Ahsante kwa kulisema.

MWALIMU MSTAAFU: Niulize jambo dogo ambalo wenzangu wastaafu wananiuliza kila siku. Wanasema, NMB ni ghali, hisa moja ni maelfu ya shilingi, wacha tununue CRDB ambayo ni rahisi. Nami huwa nabaki sina jibu.

MHASIBU: Waambie wafikirie mkate. NMB umekatwa vipande milioni 500. CRDB umekatwa vipande zaidi ya bilioni 2.6. Kipande cha mkate uliokatwa vyembamba lazima kiwe na bei ndogo, haina maana kwamba mkate wenyewe ni wa bei nafuu. Ghali na rahisi unaviona ukilinganisha bei ya kipande na faida inayokiangukia kipande hicho, na sehemu ya faida inayogawiwa. Gawa gawio kwa bei uliyonunulia, utajua fedha yako inakuletea asilimia ngapi. Hesabu hiyo inafanyika nyuma ya bahasha, na mtu anayekataa kuifanya asinunue.

DALALI WA HISA: Na waambie pia wasikimbilie kununua siku chache kabla ya daftari la wanahisa kufungwa, wakidhani wamevuna bure. Siku ya mwisho ya kustahili gawio ikishapita, bei mara nyingi hushuka kwa kiasi kinachokaribiana nalo. Nawaona kila mwaka. Wananunua kwa pupa, wanapokea gawio, wanaona bei imeshuka, halafu wanakuja ofisini wamekasirika.

MFANYABIASHARA: Na wewe umeshapata ada yako.

DALALI WA HISA: Nimeshapata.

MFANYABIASHARA: Ni kiasi gani? Isemwe hapa mbele ya watu.

DALALI WA HISA: Kwa oda ndogo, ukijumlisha ya dalali, ya soko, ya mamlaka ya mitaji na kodi yake, inazidi kidogo asilimia 2. Ukiuza, unatoa tena.

MFANYABIASHARA: Kwa hiyo anayeingia na kutoka ameacha zaidi ya asilimia 4 mlangoni. Kwa milioni 10 ni zaidi ya laki nne. Mimi dukani kuna wiki siioni laki nne ya faida. Dalali halipwi kwa gawio langu. Analipwa nikinunua na analipwa nikiuza, niwe nimelia au nimecheka. Ndiyo maana simwamini anayeniambia, "Mama, badilisha, hii ina habari nzuri kuliko ile."

DALALI WA HISA: Una haki ya kusema hivyo. Lakini tuhesabu kwa usawa. Anayenunua leo akauza baada ya miaka 10, hiyo asilimia 4 na kitu inagawanyika kwa miaka 10. Inamuumiza mwenye kurukaruka. Na mimi, mama, nina swali langu. Kiwanja. Unakisifu kiwanja kama vile hakina dalali, hakina mjumbe wa kusaini, hakina kodi. Umewahi kuuza kiwanja?

MFANYABIASHARA: Niliuza. Cha Chanika.

DALALI WA HISA: Kiliuzwa kwa muda gani?

MFANYABIASHARA: Miezi minane.

DALALI WA HISA: Na madalali?

MFANYABIASHARA: Walikuwa watatu. Kila mmoja alidai mnunuzi ni wake. Asilimia 10 ikaondoka.

DALALI WA HISA: Hisa zako ziliwekwa sokoni wiki sita ukaliita soko lote bovu. Kiwanja kimekaa miezi minane na bado unataka kingine.

MFANYABIASHARA: Kijana, umenipata hapo, sitakataa. Lakini nikueleze tofauti ninayoiona mimi. Nilipokuwa nanunua kiwanja, hakuna aliyenidanganya kwamba nikibonyeza simu fedha itarudi. Nilijua nimefukia fedha ardhini. Nilijiandaa. Kwenye hisa niliambiwa ni mali nyepesi, nauza nitakapo. Mtu akijua mzigo ni mzito, atafunga kata kichwani kabla hajaubeba. Mimi nilibebeshwa gogo nikaambiwa ni kapu la majani makavu.

MWALIMU MSTAAFU: Hilo neno ni zito.

MHASIBU: Ni zito kwa sababu ni la kweli, na si Dar es Salaam peke yake. Majirani zetu Kenya walipitia hayo mwaka 2008. Safaricom iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya. Watu walipanga foleni, wakakopa benki kwa riba ili waombe hisa nyingi. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tano, hivyo mwananchi wa kawaida akapewa karibu moja ya tano ya alichoomba. Nyingine alirudishiwa fedha, tena kwa kungoja, huku riba ya mkopo ikihesabika kuanzia siku ya kwanza. Hisa zikaanza kuuzwa Juni, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya ile 5. Yupo aliyeuza kwa shilingi 3 ili alipe mkopo. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita 40. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imerudi kwenye 12, 13. Unaweza kuiita hisa nzuri au mbaya, vyote viwili utakuwa sahihi, ikitegemea unazungumza na nani na alinunua kwa fedha gani.

DALALI WA HISA: Lakini walioshikilia tangu mwanzo wamekula gawio karibu kila mwaka.

MHASIBU: Walioshikilia kwa fedha yao. Aliyeshikilia kwa fedha ya mkopo hakushikilia chochote, benki ndiyo iliyokuwa imemshika.

MFANYABIASHARA: Na zipo zilizokufa kabisa.

MHASIBU: Zipo. Mumias, kiwanda cha sukari hukohuko Kenya, kiliuza hisa kwa wananchi mwaka 2001, na kuna wakati bei yake ilikuwa inazungumzwa mpaka vijijini. Mwaka 2019 kikawekwa chini ya mpokeaji mali na hisa zikasimamishwa. Mkulima aliyekuwa anapeleka miwa pale, tena ana hisa palepale, alipoteza mara mbili kwa siku moja. Huyo ndiye mtu ninayemfikiria kila mtu akiniuliza agawanye vipi fedha yake. Shamba lake lilikuwa linategemea kiwanda, na akiba yake nayo ilikuwa inategemea kiwanda.

MWALIMU MSTAAFU: Unataka kusema nami nimekosea kuwa na benki moja?

MHASIBU: Mwalimu, wewe unapokea pensheni kila mwezi?

MWALIMU MSTAAFU: Napokea.

MHASIBU: Hiyo pensheni ndiyo hatifungani yako. Inakuja kila mwezi, haijali bei ya NMB ni ngapi. Kwa hiyo ukiwa na hisa za kampuni moja pembeni, bado umesimama kwa miguu miwili. Ningependa ziwe kampuni mbili tatu, lakini hulali njaa zikishuka. Mama hapa hana pensheni. Ana duka. Na duka, mama, tayari ni hisa. Lina faida mwaka huu, mwakani huenda lisiwe nayo. Mzigo unatoka China kwa dola, na dola ikipanda faida yako inaliwa bandarini kabla kontena halijafunguliwa. Watu wakikosa fedha, wanaacha kununua vitenge. Wakati huohuo wanaacha kulipa mikopo, na benki nayo inapata hasara. Ukichukua akiba ya duka ukaitia kwenye hisa za benki, umeongeza uzito upande uleule wa mtumbwi.

MFANYABIASHARA: Miaka yote hii hakuna aliyeniambia kwamba duka langu lihesabiwe. Wote wanauliza kilichoko benki.

MHASIBU: Lihesabiwe la kwanza. Ndilo kubwa kuliko vyote.

DALALI WA HISA: Dada, unamwogopesha. Kwa hesabu hiyo, mfanyabiashara yeyote nchini asinunue hisa hata moja, na soko libaki la wazungu na mifuko ya pensheni.

MHASIBU: Sikusema asinunue. Nimesema asianzie hapo. Aanze na fedha ya dharura, ile ya mama kulazwa. Iwe mahali inapotoka ndani ya siku chache. Vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, vinafanya kazi hiyo, au hata akaunti ya benki, ikae tu na riba yake ndogo. Halafu hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Kiwango cha chini ni milioni moja, unaingia kwenye mnada wa Benki Kuu kupitia benki yako au dalali, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Milioni 5 kwenye hatifungani yenye riba ya asilimia 12 ni laki tatu kila miezi sita. Huombi mtu, hungojei mkutano mkuu wa wanahisa uamue. Kinachobaki baada ya hapo, ndicho kiende kwenye hisa.

DALALI WA HISA: Sasa nami nina neno kuhusu hatifungani, maana zinasifiwa kama vile hazina doa. Kwanza, riba inabadilika kwa anayeingia mpya. Hatifungani ya miaka 25 ilikuwa inatoa asilimia 15.95. Aprili 2022 serikali ikashusha, mpya zikawa asilimia 12.56. Waliochelewa wiki chache wamefungiwa kiwango cha chini.

MHASIBU: Na waliokwisha kununua wakaona hatifungani zao zikigombewa kwa bei ya juu. Endelea.

DALALI WA HISA: Pili, hilo ndilo kubwa. Mama ananunua kwa dola, ataelewa kuliko sote. Mwaka 2000 dola moja ilikuwa kama shilingi 800. Mwaka 2025 ilizidi 2,400. Serikali itamrudishia milioni zake 5 baada ya miaka 25, sawasawa, bila kupungua hata senti. Zitanunua nini? Kontena la vitenge, au robota moja? Kampuni inaweza kupandisha bei ya saruji, benki inaweza kukuza mikopo, faida ikapanda na gawio likapanda. CRDB imetoka shilingi 8 hadi 65 kwa miaka sita. Hatifungani yako italipa laki tatu ileile mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini na tano. Usalama mnaousifu unaliwa polepole na mchwa, na mwenye nyumba hasikii sauti.

MFANYABIASHARA: Hilo la dola limeniingia. Nilikuwa naleta kontena zima kwa fedha ambayo leo inaleta nusu.

MWALIMU MSTAAFU: Hata mimi. Laki sita ya 2008 ingekuwa benki, leo ingekuwa laki sita na kitu, na bati limepanda mara ngapi?

MHASIBU: Hapo dalali yuko sahihi, na sina hoja ya kumpinga. Fedha ya miaka 20 ikiwekwa yote kwenye riba isiyobadilika, mwenye fedha amechagua hasara ya polepole. Ndiyo maana sikusema zote. Ninachoshikilia ni mpangilio. Fedha ya miezi sita ijayo isinunue hisa, hata kampuni iwe nzuri namna gani. Fedha ya ada ya mwaka kesho isinunue hisa. Fedha ambayo mwanao wa darasa la kwanza ataihitaji chuoni, hiyo inaweza kupanda na kushuka mara tatu njiani isimuumize mtu.

MFANYABIASHARA: Kampuni ngapi?

DALALI WA HISA: Tano au sita ukiweza.

MHASIBU: Kwa soko letu, tano zinazouzika kweli tayari ni kazi. Na ukichukua benki tatu, hujagawa, umerudia. Chukua benki, chukua saruji, chukua moja ya simu au ya bidhaa. Na usinunue siku moja. Mwaka 2017 Vodacom iliuza hisa kwa shilingi 850, fedha iliyokusanywa ilikuwa bilioni 476. Miaka iliyofuata bei ilikaa chini ya 850 muda mrefu. Aliyeweka yote siku ya toleo alilipa 850 kwa zote. Aliyenunua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka alilipa bei ya chini kwa wastani, na hakuhitaji akili yoyote ya ziada.

DALALI WA HISA: Alihitaji nidhamu. Na kila mara analipa ada ya dalali.

MHASIBU: Analipa. Ada ni asilimia, hailipwi zaidi kwa kugawa oda, mradi hauzi.

MFANYABIASHARA: Nimewasikia. Niambieni kama nimeelewa vibaya. Milioni 3 zikae kwenye ukwasi, hizo ni za mama yangu, ingawa naomba zisiguswe. Milioni 4 hatifungani. Milioni 3 zinazobaki nitazipeleka kwenye hisa, laki tano kila baada ya miezi minne. Kiwanja kingojee.

DALALI WA HISA: Milioni 3 ni kidogo mno kwa mtu wa umri wako, mama. Una miaka 20 ya kazi mbele. Ningekuwa wewe ningeweka 6.

MFANYABIASHARA: Wewe hukulipa riba ya kikoba ile. Kwa hili hatutakubaliana, na sitaki tukubaliane kwa adabu tu.

DALALI WA HISA: Sawa. Lakini baada ya miaka 10 tukutane, tuhesabu.

MFANYABIASHARA: Tutahesabu. Mwalimu, na wewe? Miaka 10 ijayo utakuwa na umri gani?

MWALIMU MSTAAFU: Nikijaliwa, 79.

MFANYABIASHARA: Nisamehe kwa swali hili. Hizo hisa 1,000 unamtunzia nani?

MWALIMU MSTAAFU: Wajukuu. Sina haja nazo mimi. Gawio linatosha kwa dawa za presha na nauli ya kwenda Moshi Desemba.

MHASIBU: Wanajua kwamba zipo?

MWALIMU MSTAAFU: Nani?

MHASIBU: Wajukuu. Watoto. Mtu yeyote.

MWALIMU MSTAAFU: Mke wangu alijua. Alitangulia mwaka 2021.

MHASIBU: Baada yake?

MWALIMU MSTAAFU: Hakuna. Karatasi iko kwenye sanduku.

DALALI WA HISA: Mwalimu, hapa naomba unisikilize kama mwanao. Tunaona majina ya watu ambao gawio lao linatoka kila mwaka na hakuna anayelichukua. Akaunti ya benki ilishafungwa, namba ya simu haipo hewani. Mara nyingine mwenyewe alifariki zamani. Hisa hazipotei, zinabaki kwa jina lake. Lakini mtoto asiyejua kuna hisa hawezi kuzidai, na anayejua lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi ndipo sisi tuzihamishe. Bila namba ya akaunti ya CDS, ile ambamo hisa zinahifadhiwa, bila jina la dalali, anaanza kutafuta gizani.

MWALIMU MSTAAFU: Tangu 2008 nimezitunza hisa hizi, na sikumwandikia mtu hata mstari mmoja.

MFANYABIASHARA: Andika leo, Mwalimu. Nami nitaandika zangu, hata zile zilizokataa kuuzika.

MWALIMU MSTAAFU: Nitaandika namba ya CDS, jina la benki na idadi ya hisa, nimpe binti yangu mkubwa mkononi. Na ninyi mnaosoma haya, kama mna hisa, hatifungani au vipande, mwiteni mtu mmoja mnayemwamini leo jioni, mmwonyeshe karatasi zilipo.